Wati 40 na ngazi za mawe: kisa cha dogo wa Mabatini aliyekuwa anatafuta ampu ya besi

Jumapili usiku simu inaita, naona ni dogo tunayepokezana nae gitaa la besi kanisani, nikajua kuna kitu maana yeye ni mtu wa meseji sio wa kupiga. "Shikamoo braza." Marahaba, vipi tena saa hizi? "Sabufa imeungua braza, na Jumamosi nina kazi."

Apo ndo nikaelewa kwamba mwezi mzima alokuwa ananiambia anapiga na wenzake kwenye bustani moja ufukweni upande wa Bwiru, alikuwa anabeba sabufa ya sebuleni kwao, ile ya boksi kubwa na vispika viwili, anachomeka besi kwa adapta ya jeki kubwa kwenda kwenye zile pini nyekundu na nyeupe. Wiki ya tatu ikaanza kukoroma, ya nne ikatoa harufu. Na sabufa yenyewe ni ya mama yake.

Nakieleza kisa chote maana vijana wengi wa hapa Mwanza wanapita njia hii hii, wanaunguza cha nyumbani alafu wanakimbilia kununua kitu kikubwa kuliko kazi yao, hela inatoka mara mbili na besi bado haisikiki.

Nianze na sabufa. Watu wanaiamini kwa sababu ikipigishwa mziki inatikisa madirisha, sasa mziki uliorekodiwa umeshabanwa, kelele kubwa na ndogo zimesogezwa karibu, na sabufa imetengenezewa hicho. Ukichuna uzi wa besi kwa kidole ule mshtuko wa kwanza unaruka juu mno kuliko sauti inayobaki ikilia, koili ya spika, ule waya uliozungushwa unaoisukuma, inasukumwa mbali kuliko ilivyopangiwa, masaa matatu kila Jumamosi, lazima ichoke. Alafu kuna jambo ambalo dogo hakulijua kabisa, pikapu za besi ya kawaida isiyo na betri, zile sumaku zinazodaka mtikisiko wa nyuzi, zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, kwenye ampu ya gitaa huwa karibu omu milioni 1, kwenye tundu la sabufa au redio mara nyingi ni omu elfu kumi na kitu tu, kwa hiyo sauti nyingi za juu zinanyonywa hapohapo, kinachobaki ni kishindo kama mtu anapiga godoro. Mpigaji hajisikii, anaongeza volyumu, koili inazidi kupata moto. Siku za sabufa zilikuwa zimehesabika tangu siku ya kwanza.

Kesho yake nikamfuata kwao. Kabla ya jina la ampu yoyote nikataka kwanza nijue maisha ya hiyo ampu yatakuwaje. Dogo anakaa Mabatini, juu kabisa, sio huku chini barabarani, bodaboda inakuacha alafu unapanda ngazi za mawe katikati ya nyumba kama dakika kumi, mvua ikinyesha yale mawe yanateleza, na anarudi saa sita usiku na besi mgongoni. Kazi yake ya Jumamosi wako watatu, mmoja anapiga gitaa na kuimba, mmoja anapiga kahoni, lile boksi unalikalia na kulipiga kwa viganja, na yeye. Wateja meza kumi na kitu, hamna ukuta, ziwa liko mbele. Yule mwimbaji anayo miksa ndogo ya chaneli 6 na spika mbili za inchi 12. Kanisani mitambo ipo. Nyumbani chumba chake kimepakana na cha bibi mwenye nyumba, ukuta ni mmoja. Hela anayo laki saba, ila laki mbili kati ya hizo ni za kukopa kwa mama, nikamwambia za mama hatuzigusi, tayari mama anatudai sabufa. Kwa hiyo ni laki tano.

Hayo majibu ndo yaliyochagua ampu, sisi tuliyafuata tu.

Ila dogo alishakuwa na yake moyoni. Kuna fundi mjini alikuwa na ampu ya zamani ya spika ya inchi 15, mtumba, laki nne, na kweli ukiiangalia inapendeza, ina ngozi nyeusi na pembe za chuma, inaonekana kama mashine ya kazi. Tukaenda kuiona. Nikamwambia dogo ibebe mpaka pale mlangoni na urudi nayo. Alifika mlangoni. Kurudi tulisaidiana. Jirani na fundi kuna mama anauza dagaa kwa jumla, tukamwomba mzani, ikasoma kilo 34. Sasa piga picha hizo kilo 34 na besi mgongoni na zile ngazi na saa sita usiku. Uzito mwingi humo ndani ni transfoma ya chuma na sumaku nzito ya spika, ampu nyingi za siku hizi zinazoitwa Klasi D zimeondoa hiyo transfoma kubwa zikaweka pawa ya kuwasha na kuzima kwa kasi kama ya chaja ya laptopu, na spika nyingi sasa zinatumia sumaku ya neodimiamu, nyepesi ila yenye nguvu, ndo maana unakuta ampu kali ina kilo chache.

Kilo sio tatizo pekee. Nikaigeuza nyuma nikamulika na simu, kibao kimeandikwa 120V 60Hz. Hii ni ya Marekani, na umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ukiichomeka hivihivi imekufa. Ukitaka iishi ununue transfoma ya kushusha umeme, nayo ina kilo zake na bei yake, na hata apo transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikifanya kazi kwenye hezi 50 inapata moto zaidi. Fundi hakuwa na nia mbaya, naamini hajawahi kukisoma kile kibao. Ila wewe kisome. Ni jambo la nusu dakika na linaokoa laki nne.

Dogo alinyamaza njia nzima kurudi. Namwelewa, ukishaipenda ampu kwa macho inauma.

Siku iliyofuata akaja na upande wa pili kabisa, kaona video ya Roland Micro Cube Bass RX, kitu kidogo kina spika nne za inchi 4, wati 5, kinakula betri sita ndogo, unakipiga popote. Hicho kwa mazoezi ni kizuri sana, ningekuwa na hela ningekinunua mwenyewe nikae nacho pale Capri Point jioni. Ila kahoni ikipigwa kwa nguvu mita moja pembeni yako wati 5 za besi hazipo, zimezama. Na hapa inabidi nieleze kwa nini besi inakula wati kuliko gitaa. Uzi wa E, ule mnene kabisa, ukiwa wazi ni kama hezi 41, yani mitikisiko 41 kwa sekunde, na sikio la binadamu kwa sauti za chini namna hiyo ni zito, watafiti Fletcher na Munson walishalipima mwaka 1933, ili uisikie sauti ya chini sawa na ya kati lazima ya chini isukumwe kwa nguvu nyingi zaidi. Mpiga gitaa wa wati 20 anamfunika mpiga besi wa wati 40 bila hata kukunja uso.

Kiu ya ampu ya besi inayobebeka ni ya zamani tu. Besi ya Precision ya Leo Fender ilitoka 1951 na mwaka uliofuata akatoa ampu ya Bassman, na kufika 1960 kampuni ya Ampeg wakatoa B-15 Portaflex ambayo kichwa chake unakipindua kinaingia ndani ya boksi la spika unalifunga unaondoka. Walikuwa na shida ileile ya dogo wa Mabatini, jinsi ya kubeba sauti nzito bila kuvunjika mgongo.

Basi tukabaki kwenye familia moja kwa sababu ndo niliyoizoea, Fender Rumble. Ya 25 ina spika ya inchi 8 na wati 25. Ya 40 ina inchi 10 na wati 40, kilo kama 8. Ya 100 ina inchi 12 na wati 100, kilo kama 10. Dogo akasema braza ya 100 ni mara mbili na nusu ya ya 40, tusubiri tuongeze hela. Hapana, masikio hayahesabu hivo. Kutoka wati 40 kwenda 100 ni desibeli 4 tu, desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti, utaisikia tofauti ndiyo, ila ili masikio yakwambie sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yani wati mara kumi. Mimi ya 100 naipenda zaidi, nisifiche, inchi 12 ina pumzi ambayo inchi 10 haina, na mtu mwenye hela na anayepiga na dramu za fimbo aichukue bila kuuliza. Ila bei yake ilikuwa juu ya laki tano zetu kwa mbali.

Kilichoitoa ya 25 kwenye mbio sio wati, ni tundu la nyuma. Ya 40 na ya 100 zina tundu la XLR la kutoa sauti kwenda kwenye miksa, ile kebo ya kenoni ya maiki, ya 25 haina. Na hili ndo jambo kubwa kwenye kisa chote. Kama mahali unapopiga pana miksa na spika, ampu yako haitakiwi kuwafikia wateja, inatakiwa ikufikie wewe na mwenzako wa kahoni, wateja watalishwa na spika kubwa. Dogo ana miksa Jumamosi, ana miksa Jumapili. Wati zake nyingi zilikuwa zinamsubiri kwa watu wengine, alichokosa ni njia ya kuziingia.

Kuna rafiki yangu anayo ya 40, nikaiazima, Jumamosi tukaenda nayo Bwiru.

Raundi ya kwanza tulipiga bila miksa ili tuone. Wimbo wa kwanza wa taratibu, fresh. Wa pili wakaingia sebene, kahoni ikapanda, dogo akafanya kile ambacho kila mpiga besi anafanya, akakamata kitufe cha besi akakizungusha mpaka mwisho. Ampu ikaanza kupasua. Nikaenda nikakirudisha katikati, akaniangalia kama nimemnyang'anya chakula. Hesabu yake iko hivi: ukiongeza besi kwa desibeli 10 umeiambia ampu itumie wati mara kumi kwa zile sauti za chini, kama ilikuwa inatembea na wati 4 sasa inataka 40, imefika ukutani, uzi unaofuata ukichunwa kwa nguvu inapasuka. Na spika ya inchi 10 kwenye boksi dogo hezi 41 haikutolei kwa nguvu hata uifanyeje, unachosikia ukasema hii ni E ni zile sauti za juu yake, 82, 123, ubongo ndo unajaza ya chini. Kwa hiyo nikapunguza besi kidogo, nikaongeza sauti za kati, na nikaipandisha ampu kwenye kiti ikamwangalia usoni, mwanzo ilikuwa chini kwenye majani inapigia miguu yake. Hapohapo akaanza kujisikia kila noti. Akacheka.

Tatizo likawa meza za mbali hazipati uzito. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti za chini, zinasambaa zinaondoka na ziwa. Pale bustanini kuna jiwe, si unajua mawe yetu, jiwe kubwa kuliko nyumba limesimama nyuma ya sehemu ya wapigaji, na wao walikuwa wamekaa mbali nalo kwa sababu ya taa. Nikawaomba tusogee, ampu tukaiweka mgongo wake karibu kabisa na jiwe. Besi ikanenepa bila kugusa kitufe chochote, maana sauti ya chini iliyokuwa inakimbilia nyuma ikawa inarudi mbele. Jiwe la namna ile halitikisiki kama ukuta wa mbao, linarudisha karibu kila kitu. Mwanza hii tumezungukwa na vitu hivi na tunalalamika besi haisikiki.

Raundi ya pili tukaunga miksa. Kebo ya kenoni kutoka nyuma ya ampu mpaka chaneli ya 5, na apo ikaja mvumo, uuuuu, haukati. Miksa ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya jikoni na ampu kwenye ya nje, waya wa ardhi wa pande mbili unatengeneza mzunguko na ule umeme wa hezi 50 unaingia kwenye sauti. Jamaa wa gitaa akataka kung'oa ile pini ya ardhi kwenye plagi, nikamzuia kwa nguvu, ile pini ndo inayokulinda usife siku ampu ikiharibika umeshika nyuzi za chuma na mdomo uko kwenye maiki. Tukavuta ekstensheni moja vyote vikala soketi moja, mvumo ukaisha. Kama usingeisha, ampu nyingi zina kiswichi kidogo karibu na lile tundu cha kukata ardhi ya ile kebo peke yake, hicho ni salama, bonyeza. Na fantomu pawa ya ile chaneli, ule umeme ambao miksa inaupeleka kwenye maiki, hakikisha imezimwa, kwenye miksa nyingi ndogo ni swichi moja ya chaneli zote kwa hiyo kama kuna maiki inayoihitaji mjipange mapema. Jaribuni pia kama kuzungusha masta ya ampu, kile kitufe kikuu cha sauti, kunabadilisha kinachoenda kwenye miksa, ampu zinatofautiana, usije ukajiongezea wewe kumbe umewaongezea wateja.

Baada ya apo nilienda kukaa meza ya mwisho kabisa karibu na maji. Besi ilikuwa pale. Imetulia, mviringo, unaisikia inapotoka na inapoingia, na watu walikuwa wanatikisa vichwa bila kujua kwa nini. Na ampu yenyewe ilikuwa haijafika hata nusu.

Tuliipata ya 40 mtumba wiki tatu baadae, laki tatu na nusu. Kibao cha nyuma cha volti 230. Tuliijaribu dukani kwa mtu nusu saa nzima kwa besi ya dogo mwenyewe, tukacheza E wazi kwa nguvu kusikiliza kama spika inakwaruza, tukazungusha kila kitufe kusikiliza mikwaruzo ya vumbi, tukatingisha jeki kwenye tundu kuona kama inakata. Ile laki na nusu iliyobaki ilinunua kebo nzuri ya gitaa, kebo ya kenoni ya mita 10, gadi ya umeme kama ile ya friji, inakata umeme ukishuka sana na ukirudi inasubiri kwanza, na mkoba wenye mikanda ya begani alioushona fundi wa pale Makoroboi na nailoni ya kufunika mvua. Huo mkoba nauhesabu kama sehemu ya ampu. Zingine zilianza kulipia sabufa ya mama.

Nyumbani anatumia hedifoni, anachomeka simu kwenye tundu la pembeni anapiga na nyimbo, bibi mwenye nyumba analala.

Sasa nisiwafiche pale iliposhindwa. Mwezi uliopita walipata harusi upande wa Sengerema, tukavuka na pantoni ya Kamanga, waliambiwa mitambo ipo, kufika mitambo ilikuwa ni spika moja ya MC na kuna mpiga dramu wa fimbo kaongezwa. Wati 40 peke yake, uwanja wazi, watu mia tatu. Besi haikuwepo, nasema kweli, dogo alipiga masaa mawili akijisikia yeye tu. Hata ile ya 100 isingetosha pale, ungehitaji wati 300 kuendelea na spika za kutosha, au miksa ya kueleweka. Tangu siku hiyo kabla ya kukubali kazi anauliza maswali matatu kwenye simu, miksa ipo, ina chaneli ya besi, dramu ni za mkono au za fimbo, na kama majibu hayaeleweki anaweka hela ya kukodi spika kwenye bei yake. Mwanzo aliona aibu kuuliza, sa hivi hata wenzake wanamwachia yeye ndo aongee na wenye shughuli.

Juzi tukiwa tunashuka zile ngazi, yeye na ampu mgongoni mimi nimemshikia besi, ananiambia braza nataka kuhamia besi ya nyuzi tano. Nikamwambia ule uzi wa B unaoongezeka chini ya E ni kama hezi 31, kwenye hiyo inchi 10 utausikia kwenye hedifoni na kwenye spika za kanisani tu, kwa Jumamosi bado. Akasema sawa, basi nitaanza kuutafuta kanisani.